Kabla ya kumtaja jirani, pima maji ya bwawa

Asubuhi moja ya Mei 2019 niliokota samaki 61 waliokuwa wakielea katika bwawa langu, na neno la kwanza lililosemwa pale kando ya maji lilikuwa "sumu." Alianza shemeji yangu. Vijana waliokuja kuchungulia wakalirudia, na kabla jua halijapanda juu ya migomba neno hilo lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe: jirani yangu wa upande wa bondeni. Mwezi mmoja nyuma tulikuwa tumegombana kwa ajili ya mfereji. Kijana huyo nilimfundisha kidato cha pili, na kaburi la mama yake liko hatua chache kutoka mpaka wa shamba langu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyeyakumbuka hayo. Kila mtu alikumbuka mfereji.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimeitwa kwenye mabwawa mengi ya watu, na karibu kila mahali samaki wanapokufa nakuta jina la mtu limekwisha tajwa. Mara ni jirani, mara ni mke mwenza, mara ni yule aliyenyimwa vifaranga. Nakuta pia kwamba hakuna aliyepima maji. Nina hakika kwamba katika sehemu zetu za mvua nyingi na udongo uliochoka, mtuhumiwa wa kwanza anapaswa kuwa tindikali. Nalisema hili kama mtu ambaye nusura aipeleke kesi ya uongo kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, naishi Kamachumu wilayani Muleba. Anayeijua nchi hii anajua kwamba sisi Wahaya tuna ardhi za aina mbili, na hatuzichanganyi hata katika maneno. Kibanja ni shamba la migomba lililozunguka nyumba, lenye udongo mweusi uliolishwa samadi na nyasi na bibi zetu na bibi zao. Rweya ni uwanda wa nyasi ulioko nje ya vibanja. Udongo wake ni mwembamba, umelala juu ya mawe ya mchanga, na ukanda huu wa ziwa hupata mvua ambayo sehemu nyingine hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo imeuosha udongo wa rweya kwa maelfu ya miaka. Imeondoa kalsiamu na magnesiamu, imeacha alumini na chuma, na imeuacha udongo mchachu. Ndiyo maana wazee walipanda migomba kibanjani na kuiachia rweya ng'ombe na nyasi.

Bwawa langu nililichimba pale kibanja kinapoishia na rweya inapoanza, kwa sababu ndipo chemchemi inapopita. Lina upana wa mita 10, urefu wa mita 15, na kina cha mita moja hivi. Maji ya chemchemi yale ni maangavu, ukiyanywa yanapendeza ulimini. Niliyasifu mbele ya watu. Sikujiuliza maji yaliyopita katika mawe ya mchanga peke yake yamebeba nini ndani yake. Jibu ni kwamba hayakubeba karibu chochote, na huko ndiko shida ilikoanzia.

Nilinunua vifaranga 450 vya sato. Aliyeniuzia aliniuliza ukubwa wa bwawa na idadi ninayotaka, akanihesabia, akafunga mifuko ya plastiki yenye hewa, nikarudi nyumbani kwa gari la abiria nimeipakata. Nikaifungua, nikamimina. Sikuiacha mifuko ielee majini kwanza, wala sikuwaongezea samaki maji ya bwawa langu kidogo kidogo ili wayazoee. Walitoka katika maji ya kwao wakaingia katika maji yangu kwa pigo moja.

Kwa wiki tatu walikula kivivu. Nilitia mbolea ya kuku ili maji yageuke kijani, maana ule ukijani ni vijimea vidogo ambavyo sato huvila. Hayakugeuka. Yalibaki na rangi ya chai ya rangi, rangi ya nyasi zilizooza na majani ya mikaratusi iliyopandwa juu ya mteremko. Nikaongeza mbolea. Bado. Kisha mvua kubwa ikanyesha usiku mbili mfululizo, maji ya rweya yakashuka yakaingia bwawani, na samaki wakaanza kufa. Siku ya kwanza wanne, siku ya pili kumi na mmoja, siku ya nne hao 61.

Kilichomwokoa jirani yangu ni vidudu. Nilipoinama kuokota samaki niliona wale wadudu warefu wa miguu wanaoteleza juu ya maji, wazima kabisa, na viluwiluwi vya vyura vikicheza kandoni. Dawa ya kuulia wadudu wa mazao, ambayo ndiyo "sumu" inayopatikana kwa urahisi vijijini, ingeanza na wadudu hao. Nikamwokota samaki mmoja nikafunua matamvua yake. Yalikuwa yamefunikwa ute mzito mweupe kama maji ya bamia. Nikakumbuka pia kwamba samaki wakikosa hewa hufa kwa mkupuo mmoja alfajiri, na wakubwa hutangulia, baada ya kuhema midomo ikiwa juu ya maji. Wangu walikufa pole pole, wadogo kwa wakubwa, kwa siku nne. Mambo hayo matatu hayakuafikiana na sumu wala na ukosefu wa hewa.

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la bati ninakoweka vitu vyangu vya shule. Kulikuwa na kichupa cha kiashiria, ile dawa ya rangi tuliyoitumia maabara, ambayo huwa nyekundu katika tindikali kali, kijani katika maji yaliyo katikati, zambarau katika magadi makali. Nilichota maji ya bwawa katika glasi, nikadondoshea matone. Yakawa ya rangi ya chungwa iliyoelekea njano. Pale darasani tungeandika: pH 5.

Niliwafundisha watoto wa watu kipimo hicho kwa miaka 31 na sikuwahi kukipeleka bwawani kwangu. Acha nikieleze tena, safari hii kwa mfugaji. Kilitungwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg jijini Copenhagen. Kinakwenda kutoka 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni magadi. Jambo ambalo wanafunzi wangu walilisahau daima, na ambalo ndilo linaloua samaki, ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya 6 yana uchachu mara kumi ya maji ya 7. Maji ya 5 yana mara mia. Kwa hiyo mtu akikwambia "bwawa langu liko 5, limepungua kidogo tu," mwambie halikupungua kidogo. Samaki wengi wa kufuga hustawi kati ya 6.5 na 9. Maji yakishuka chini ya hapo hawafi mara moja, ila hawali vizuri, hawakui, hawazai, magonjwa huwashika upesi. Yakikaribia 4 hufa.

Sato ni samaki mvumilivu, nakubali. Angeweza kuishi katika 5 kwa muda. Lakini udongo wa rweya una alumini, na alumini ni kama mwizi aliyefungiwa: katika udongo usio na uchachu hubaki ndani, katika maji machachu hufunguliwa akatoka. Alumini iliyoyeyuka huganda juu ya matamvua ya samaki, samaki hujikinga kwa kutoa ute, na ute huo unazidi kumziba pumzi. Ule ute mweupe niliouona ulikuwa na maana hiyo. Mvua ya usiku mbili, ambayo yenyewe kwa asili iko karibu 5.6 kwa sababu ya hewa ya ukaa, ilikuwa imeshusha kutoka rweya kila kitu kilichokuwa kinasubiri kushuka.

Nilimfuata jirani jioni ile ile. Sikutuma mtu. Nilibeba glasi yenye maji ya rangi ya chungwa na glasi nyingine ya maji ya chemchemi, nikamwonyesha. Alikuwa ameshasikia yaliyosemwa, na alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni bila kunikaribisha kiti. Aliponijibu alisema, "Mwalimu, ungekuja na glasi hii asubuhi." Hakusema zaidi.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo nilifanya kila kitu sawasawa. Sikufanya. Nilijua tindikali huondolewa kwa chokaa, nikaenda dukani nikaomba chokaa. Muuzaji akaniuliza, "Ya kupaka nyumba?" Nikasema chokaa ni chokaa. Akanipa mfuko wa kilo 25. Nikaumimina bwawani saa nne asubuhi, samaki waliobaki wakiwemo. Kufika saa nane mchana hapakuwa na samaki hata mmoja aliye hai, na safari hii vyura na wadudu nao walikuwa wamekufa. Kiashiria kilikuwa zambarau tupu. Zaidi ya samaki 300 niliwaua mwenyewe, kwa mkono wangu.

Hapa nataka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu neno "chokaa" katika Kiswahili chetu limebeba vitu vitatu tofauti, na tofauti hiyo haiandikwi popote mfugaji anapoweza kuisoma. Jiwe la chokaa likisagwa bila kuchomwa ni kalsiamu kaboneti. Hilo ni jepesi kwa samaki: huyeyuka pole pole pale tu panapokuwa na uchachu, na lenyewe haliwezi kuyapandisha maji mbali zaidi ya 8.3 hivi. Ukizidisha, linakaa chini likisubiri. Jiwe hilo hilo likichomwa tanuruni linakuwa chokaa kali isiyozimwa, ambayo ukiitia maji huchemka na kutoa mvuke, na huunguza ngozi na macho. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji inakuwa unga laini mweupe wa kupaka kuta. Unga huo hauchemki tena, kwa hiyo watu hudhani umekuwa mpole, kumbe unaweza kuyarusha maji hadi 11 na zaidi kwa saa moja. Una kazi yake bwawani: kuua vimelea na magugu katika bwawa tupu, wiki mbili au zaidi kabla ya samaki kuingia. Katika bwawa lenye samaki, na hasa lenye maji mepesi kama yangu, ni kifo.

Namna ya kuzitofautisha haihitaji maabara. Weka kijiko cha unga katika kisahani, kamulia ndimu au mwagia siki. Jiwe lililosagwa tu litatoa povu na kuchemka kama soda iliyofunguliwa. Chokaa ya kupaka iliyo safi haitatoa povu la maana. Na habari njema kwa mfugaji wa kijijini ni kwamba jiwe lililosagwa lipo karibu kuliko anavyodhani. Chokaa inayouzwa katika maduka ya vyakula vya mifugo kwa ajili ya kuchanganya chakula cha kuku wa mayai, pamoja na mifupa na dagaa na mashudu, kwa kawaida ni hilo hilo. Ijaribu kwa ndimu kabla ya kulipa. Maganda ya mayai na ya konokono yaliyosagwa ni kitu kile kile, ila huyapati kwa wingi wa kutosha bwawa.

Majivu je? Naulizwa kila mahali. Majivu ya kuni ni magadi, na bibi zetu waliyajua hivyo. Tatizo ni kwamba majivu ya mti huu si sawa na ya mti ule, na yanaruka haraka kama chokaa ya kupaka. Kwenye sakafu ya bwawa lililokauka, yakichanganywa na udongo kwa jembe, sina ugomvi nayo. Juu ya maji yenye samaki, nakataa.

Kiangazi kilipofika, Juni hadi Agosti, nilifungua bomba la kutolea maji, nikaliacha bwawa likauke hadi udongo ukapasuka. Nikanunua kilo 60 za jiwe lililosagwa, yaani gramu 400 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa udongo wa kawaida nusu au robo ya hapo hutosha, lakini wa rweya si wa kawaida. Nusu nikaitawanya sakafuni na kwenye kingo, tukalima kwa jembe, nikatawanya iliyobaki. Maana unayemtibu ni udongo. Maji utayatia leo na kesho mvua itayabadilisha, ila matope ya chini ndiyo yanayoyachachusha tena kila siku. Nikachimba mfereji wa kukinga juu ya bwawa ili maji ya rweya yapite pembeni, na hapo ndipo ule ugomvi wetu wa mfereji ulipokwisha, kwa sababu jirani alikuja kunionyesha njia ambayo maji yangepita bila kumwagikia viazi vyake. Mikaratusi miwili iliyokuwa ikiangusha majani nikaikata.

Baada ya wiki mbili nilipima: 6.9 alfajiri, 7.8 alasiri. Nikatia mbolea ya kuku, kiasi kile kile cha mwanzo. Ndani ya siku tisa maji yalikuwa kijani kama jani changa la mgomba. Mbolea ya kwanza ilikuwa imepotea bure, kwa kuwa katika matope machachu fosforasi hukamatwa na alumini na chuma, vijimea visiipate. Nataka wale wanaosema kwamba shida ya mfugaji ni chakula tu, si maji, walifikirie jambo hilo. Chakula ni ghali kweli, siwabishii. Lakini katika bwawa chachu unanunua hata kile chakula ambacho maji yangekuotesha bure.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo kimoja hakikuambii. Maji yoyote yenye uhai hupanda na kushuka kila siku. Mchana vijimea hula hewa ya ukaa na maji hupanda kuelekea magadi. Usiku kila kilicho hai kinapumua, hewa ya ukaa inarudi, maji hushuka. Kwa hiyo anayepima saa tisa alasiri peke yake atajidanganya, na anayepima saa kumi na mbili asubuhi peke yake atajitisha. Pima nyakati zote mbili. Kama tofauti ni kubwa mno, jua maji yako hayana akiba. Akiba ninayoisema ni ile kaboneti na bikaboneti iliyoyeyuka, ambayo huimeza tindikali inapokuja na magadi yanapokuja, samaki wasione kitu. Wataalamu wa mabwawa hushauri kutia chokaa akiba hiyo ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita. Maji ya chemchemi yangu, nilipoazima kipimo chake baadaye, yalikuwa na 6. Maji ya namna hiyo ni kama nyumba isiyo na ghala, kila upepo wa njaa unaikuta wazi.

Akiba hiyo huliwa pia na samaki wenyewe. Kinyesi chao na chakula kilichobaki hutoa amonia, bakteria wazuri huigeuza, na kazi hiyo ya kugeuza hula akiba na kuacha tindikali. Mwenye bwawa dogo la bustani, anayewalisha samaki wake kwa mapenzi mara nne kwa siku, anaweza kuanza mwaka na 7.5 na kuumaliza na 5.8 bila tone la maji ya rweya kuingia. Asikimbilie kuyapandisha kwa siku moja. Katika maji ya joto la nyuzi 25, katika pH 7, sehemu ya amonia yote iliyo sumu kali haifiki hata moja kwa mia. Katika 8 ni kama tano kwa mia. Katika 9 ni zaidi ya theluthi. Anayeyarusha maji yaliyochakaa kutoka uchachu hadi magadi kwa mkupuo anaiamsha sumu iliyokuwa imelala. Badili kwanza sehemu ya maji, punguza chakula, kisha chokaa pole pole.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila bwawa linataka chokaa. Binti yangu anaishi Kimara, Dar es Salaam, alijenga bwawa la saruji bustanini, mita mbili kwa tatu, la samaki wa mapambo na sato wachache wa watoto kutazama. Alinipigia simu kwamba wanakufa, na kwamba amekwisha nunua mfuko wa chokaa kama alivyoona kwangu. Nilimwambia asitie hata kijiko. Saruji mpya huvuja chokaa yake ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na bwawa lake lilikuwa zaidi ya 10. Dawa yake ilikuwa kujaza, kuacha siku chache, kumwaga, na kurudia mpaka kipimo kitulie. Kwa wanaofuga mwatiko pwani, katika matope ya mikoko, hali ni nyingine tena. Matope yale yana madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa chini ya maji hulala, lakini yakikaushwa na kupata hewa hugeuka kuwa asidi ya salfa. Kule kukausha bwawa hadi udongo upasuke, kulikoniokoa mimi, kunaweza kumfukarisha mtu wa Mtwara au Kilifi. Ushauri wa "jirani alifanya hivi" hauvuki udongo.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa moyo wote.

Anayeuza vifaranga amwombe mnunuzi chupa ya maji ya bwawa lake kwanza. Matone manne na dakika moja. Akiona 5, asiuze, hata kama mteja ametoka mbali na pesa iko mkononi. Najua ninamwomba apoteze mauzo ya siku. Lakini mteja aliyezika vifaranga 450 harudi tena, na anawaambia wengine kwamba ufugaji wa samaki ni kamari.

Halmashauri zetu ziweke kichupa cha kiashiria na kipimo cha akiba katika kila ofisi ya kata yenye mabwawa, mkononi mwa afisa uvuvi au afisa kilimo, yeyote aliyepo. Nimehudhuria mikutano mingi ya kuhamasisha ufugaji. Hugawa vifaranga, hugawa nyavu, mara nyingine chakula. Sijaona hata mmoja uliogawa chokaa au kupima udongo kabla ya mtu kushika jembe. Sweden, ambako maziwa yalichachushwa na mvua yenye moshi wa viwanda, serikali imegharamia kwa miongo kadhaa kutia jiwe la chokaa lililosagwa katika maelfu ya maziwa ili samaki warudi. Waliona kwamba mvuvi mmoja mmoja hawezi kubeba mzigo ule. Sisi mawe ya chokaa tunayo, Tanga na Songwe na Wazo Hill, ila yako mbali na Kagera, na gharama ya lori ndiyo inayomfanya mkulima wa huku achukue mfuko wa rangi ya ukuta ulioko dukani. Ruzuku ya usafirishaji wa chokaa ya kilimo ingewafaa kahawa, maharage na samaki kwa safari moja.

Na wanaofungasha chokaa waandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana, ni ipi kati ya zile tatu. Maneno "usitie katika maji yenye samaki" hayajazi hata mstari mmoja.

Mwaka jana jirani yangu alianza kuchimba bwawa lake, upande wa chini wa mfereji, mita 8 kwa 10. Wiki ya kwanza alipolijaza alikuja mlangoni kwangu alfajiri na chupa mbili za maji, moja ya juu ya bwawa na moja aliyoichota chini karibu na matope. Tulidondosha matone pamoja juu ya meza ya jikoni. Ya juu ilisoma 6, ya chini 5 na kidogo. Aliuliza kama anaweza kununua vifaranga mwisho wa mwezi. Nikamwambia bado. Alikunja mikono ya shati, akachukua lile beseni langu la kutawanyia chokaa, akaenda kufungua maji.